Majina ya Misuli ya Mbele ya Paja

Kiswahili hakikuwahi kuwa na ufukara wa majina ya mwili wa mtu kama uonekanavyo kwa nje. Mguu peke yake una nyonga, paja, goti, muundi, shavu, kifundo, kisigino na wayo, na kila neno lina mpaka wake ambao mtoto huujua kabla ya kutiwa chuoni. Hata kijifupa kilicho mbele ya goti kina majina mawili: kilegesambwa, na pia ya goti. La pili limetokana na pia wanayochezea watoto. Wasomi wa Ulaya waliutazama mfupa huo huo wakauita kwa Kilatini patella, yaani kisahani. Mwenye kuyapima majina haya kwa haki hataona kwamba la Kilatini lina elimu zaidi. Yote ni mifano ya vitu vya nyumbani. Na kwa kuwa mfupa wenyewe ni mpana juu na umechongoka chini, pia inaukaribia ukweli kuliko sahani.

Utajiri huo hukoma kwenye ngozi. Mtu akiuliza jina la nyama nene iliyo mbele ya paja, ile inayojaa na kukaza apandapo ngazi au ainukapo baada ya kuchutama, atajibiwa kwamba hiyo ni nyama ya paja, au msuli wa paja, au, kwa wazee wengi, mshipa wa paja. Majibu hayo matatu hayalingani, wala tofauti yake si ya mapambo. Mgonjwa, muuguzi na tabibu huyatumia kila siku, mahali ambapo kosa la neno moja laweza kuwa kosa la sindano.

Neno lenye kuleta taabu kubwa ni mshipa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ililieleza kuwa ni neno la jumla, ikakusanya chini yake njia za damu na nyuzi za fahamu, pamoja na maradhi yanayodhaniwa kutoka humo. Haikukosea. Ndivyo watu walivyosema, na wengi ndivyo wasemavyo hata leo. Kosa ni la waandishi waliokuja baadaye, wakalichukua neno hilo pana na kulitia katika maelezo ya elimu ya mwili bila ya kulifunga kwa neno jingine. Mshipa wa damu ni kitu kimoja, mshipa wa fahamu ni kitu cha pili, na mshipa aliougua babu, ambao aghalabu huwa ni ngiri, ni cha tatu. Sasa tazama paja lenyewe. Chini kidogo ya kinena, kwa mbele, pana bonde la pembe tatu ambamo vitu vitatu hupita sambamba. Kutoka upande wa nje kuelekea upande wa ndani kuna neva kubwa ya paja, kisha ateri iletayo damu kutoka moyoni, kisha vena irudishayo damu. Vyote vitatu ni mishipa. Msuli upitao kwenye mpaka wa nje wa bonde hilo nao huitwa mshipa na wale wasiopambanua. Mwandishi asemaye kwamba dawa isidungwe penye mshipa wa paja amesema maneno ya haki, walakini hakumwongoza mtu yeyote.

Neno nyama lina aibu ndogo kuliko linavyodhaniwa. Katika zahanati watu hupambanua sindano ya mshipa na sindano ya nyama, na upambanuzi huo ni sahihi kabisa: moja huingia katika njia ya damu, nyingine katika msuli. Hapa watu wa kawaida wamewashinda baadhi ya watunga vitabu. Ila nyama ni jina la kitu kisichohesabika. Huwezi kusema nyama nne za paja bila msikilizaji kufikiri vipande vinne vilivyokwisha kukatwa. Mnofu una walakini huo huo, kwani ni nyama iliyokwisha kuepukana na mfupa. Nao ni wa jikoni zaidi kuliko wa mwilini.

Limebaki msuli, na hilo ndilo lililokubaliwa. Limewahi kulaumiwa kwamba ni jina la nguo pia, ile shuka ya kiume ifungwayo kiunoni, na wingi wake vilevile ni misuli. Lawama hiyo haina uzito. Aliyejifunga msuli ameifunika misuli yake, na hakuna Mswahili aliyepata kuvichanganya viwili hivyo katika sentensi iliyokamilika. Kano nayo yafaa ibaki mahali pake, kwa ule ugwe mgumu unaoufunga msuli kwenye mfupa, isiachwe kumezwa na msuli wala mshipa.

Ikiwa neno la jumla limepatikana, kazi inayofuata ni kuitofautisha misuli yenyewe, na hapo ndipo tafsiri za neno kwa neno zilipoharibu mambo. Msuli mkubwa wa mbele ya paja huitwa kwa Kilatini quadriceps femoris, maana yake wenye vichwa vinne wa paja. Waarabu wameutafsiri hivyo hivyo, na wengine wametaka Kiswahili kifuate: msuli wa vichwa vinne. Katika Kilatini cha elimu ya mwili, kichwa ni upande wa msuli unaoanzia kwenye mfupa usiokwenda. Kwa msomaji wa Kiswahili kitu chenye vichwa vinne ni ndugu yake yule nyoka wa vichwa saba wa hadithi za bibi, na tena kichwa huwa juu na mbele, si mahali pa kufungia. Ukweli wa msuli huu si wingi wa vichwa bali umoja wa mwisho. Sehemu nne hutoka mahali mbalimbali, zikakutana katika kano moja inayoishika pia ya goti, na kutoka hapo kano hushuka hata kwenye kinundu kilicho juu ya muundi. Zikivuta, goti hunyooka. Mtu asiyeweza kuzivuta hawezi kusimama imara, na akishuka ngazi goti humkunjika.

Idadi yenyewe haikudumu. Mwaka 2016 Grob na wenzake walitoa taarifa ya uchunguzi wa miguu 26 ya maiti, wakaeleza msuli mwingine uliolala kati ya sehemu ya nje na sehemu iliyo mfupani, wakaupa jina lake mbali. Wengine baada yao wameuliza kama bado inafaa kusema vinne. Uamuzi wa swali hilo ni wa mabingwa wa mwili. Kwa mtunga maneno, lililo muhimu ni kwamba jina lililojengwa juu ya hesabu linaweza kuvunjika hesabu ikibadilika, ilhali jina lililojengwa juu ya kazi halivunjiki. Sehemu ikiwa ya nne au ya tano, zote hunyoosha goti.

Mfano mbaya zaidi wa tafsiri ni ule wa sartorius. Msuli huu ndio mrefu kuliko yote mwilini. Huanzia kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, hulikata paja mshazari kutoka nje kwenda ndani, hupita kando ya goti na kujishika juu ya muundi kwa upande wa ndani, pamoja na kano za misuli miwili mingine. Jina lake linatokana na neno la Kilatini la mshona nguo, na hunasibishwa na Adriaan van den Spiegel, aliyefundisha Padua mpaka alipofariki mwaka 1625. Washonaji wa Ulaya wa zama hizo walikaa juu ya meza wamekunja miguu na kuipishanisha, na msuli huu husaidia kuleta mguu katika mkao huo: hukunja nyonga, hukunja goti na kuligeuza paja nje. Jina lilikuwa zuri kwao kwa sababu kila mtu alikwisha kumwona mshonaji dirishani mwake.

Ukilitafsiri kuwa msuli wa fundi cherehani, umeleta maneno na kuacha maana. Fundi cherehani wa Afrika ya Mashariki hukaa juu ya kiti, magoti mbele, nyayo juu ya kikanyagio. Mkao wake ni kinyume cha ule uliozaa jina. Mwanafunzi atakayeambiwa jina hilo ataufikiri msuli wa kukanyagia, naye atakuwa amepotezwa na jina ambalo kazi yake ilikuwa kumwongoza. Kama mkao ndio uliotakiwa, mwanachuo aliyeketi mkekani mbele ya msahafu angestahili heshima hiyo zaidi ya fundi. Lakini hakuna haja ya mfano wowote. Kiswahili kina neno mshazari, na katika misuli ya mbele ya paja hakuna mwingine upitao hivyo kutoka nyonga mpaka ng'ambo ya goti. Msuli mshazari wa paja ni jina ambalo mtu akilisikia mara moja anaweza kuuonyesha msuli wenyewe kwa kidole.

Pengine itasemwa kwamba majina ya Kilatini yamepita katika majaribio ya miaka mingi, na kuyaacha ni ujeuri. Historia yake haionyeshi utaratibu huo. Vesalius, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1543, hakuipa misuli mingi majina. Aliihesabu kwa namba kwa kufuata kiungo inachokiendesha, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Majina mengi yalikuja kutoka kwa walimu mbalimbali, kila mmoja na mfano wake, hata mwisho wa karne ya 19 kitu kimoja kikawa na majina chungu nzima. Mkutano wa Basel wa mwaka 1895 ulichagua kama 5,000 na kuyatupa mengine maelfu kwa maelfu. Orodha hiyo imetengenezwa tena mara kadhaa, na ile iliyotolewa mwaka 1998 iliyahifadhi majina ya mshonaji na ya vichwa vinne. Yamehifadhiwa kwa sababu yalikwisha kuzoeleka, na mazoea ni hoja kwa aliyezoea. Kiswahili bado hakijazoea, kwa hiyo hoja hiyo haikihusu.

Kuna Mfaransa mmoja anayestahili kukumbukwa hapa kuliko hao wote. Mwaka 1789 François Chaussier alitoa mpango wa kuiita misuli yote kwa mahali inapoanzia na mahali inapoishia. Kwa mpango huo msuli wa mshonaji ukawa wa kutoka nyonga hadi mbele ya muundi, na ule ulionyooka katikati ya paja ukawa wa kutoka nyonga hadi pia ya goti. Mpango wake haukushinda kwao. Majina yalikuwa marefu, na waganga walikuwa wamekwisha kuyahifadhi ya zamani. Hata hivyo alilolitaka ndilo hasa linalokifaa Kiswahili, kwa kuwa lugha hii huunganisha mahali na kitu kwa kiungo cha -a bila taabu yoyote, na wenye kusema lugha wamekwisha kuichagua njia hiyo bila ya kuamriwa. Yatosha kuwasikiliza watangazaji wa mpira. Mchezaji akitoka uwanjani akichechemea, husemwa ameumia misuli ya nyuma ya paja. Watangazaji hao hawakungoja kamati. Walitazama mahali mchezaji aliposhika mkono wake wakasema.

Walakini njia ya mahali ina shimo lake, na shimo hilo ni la Kiswahili chenyewe. Sehemu tatu kati ya zile nne za kunyoosha goti huitwa kwa Kilatini vastus, yaani pana au kubwa: lateralis ya upande wa nje, medialis ya upande wa ndani, na intermedius iliyo baina ya hizo mbili, imelala juu ya mfupa na kufunikwa na sehemu ya nne, rectus femoris. Anayetafsiri kwa haraka ataandika mpana wa nje, mpana wa kati na mpana wa kati: medialis kwa sababu inaelekea kati ya mwili, na intermedius kwa sababu imo kati ya wenzake. Misuli miwili imepata jina moja. Akijirekebisha na kuiita medialis mpana wa ndani, hajaokoka, maana ndani kwa Kiswahili hubeba maana mbili. Kuna ndani ya upande, kama upande wa ndani wa paja unaogusana na paja la pili. Na kuna ndani ya kina, kama kilichomo chini ya kingine. Intermedius ndiyo iliyo ndani kwa kina. Medialis iko ndani kwa upande, nayo ina sehemu iliyo chini kabisa ya ngozi, hata kwa mwembamba huonekana kama tone juu ya goti. Neno nje nalo lina pande mbili hizo hizo.

Mtu hawezi kuyatupa maneno nje na ndani. Hakuna mengine yanayojulikana kuliko hayo. Linalowezekana ni kuyafunga kwa upande peke yake, daima kwa neno zima, upande wa nje na upande wa ndani, na kutafutia kina maneno mengine. Kwa intermedius jawabu liko karibu. Msuli huo umeukumbatia mfupa wa paja mbele na kando, basi na uitwe wa mfupani. Hapo neno kati halitakiwi tena, na ugomvi wa mawili umekwisha.

Faida yake huonekana zaidi kwa mtoto mchanga. Chanjo zake zinazodungwa ndani ya msuli hutiwa pajani, katikati ya urefu wa paja, kwa mbele upande wa nje, yaani katika vastus lateralis. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu msuli ni mnene hata kwa mtoto mdogo, na uko mbali na ile neva kubwa ya makalio ambayo sindano ya matakoni inaweza kuijeruhi; vilevile uko mbali na njia kubwa za damu zilizo upande wa ndani. Muuguzi akiandikiwa nje ya paja peke yake, anaweza kusoma juujuu ya paja, chini ya ngozi tu, nako ni namna nyingine ya sindano kabisa. Akiandikiwa katika msuli mpana wa upande wa nje, amepewa mahali na kina kwa maneno machache, na mama aliyempakata mtoto ameelewa pia.

Misuli mingine ya eneo hili haina ugomvi mkubwa. Pectineus, ulio karibu na kinena, waweza kuitwa msuli wa kinena bila hasara. Ule wa psoas, ushukao kutoka kiunoni na kujishika juu ya mfupa wa paja, ndio ukunjao nyonga kwa nguvu. Kwa ng'ombe ni nyama laini iliyo chini ya uti wa mgongo, na neno sarara, lililomo katika kamusi kwa nyama laini ya mgongoni, halikai mbali nao. Inaelekea lugha huupa msuli jina lake pale kisu kinapoutenga na wenzake. Paja la mbuzi hugawiwa zima au hukatwa vipande, na labda ndiyo sababu misuli yake haikupata majina.

Limebaki jambo moja la sarufi ambalo watunga maneno hulipita upesi mno. Akitaka kuutaja msuli kwa kazi yake, mtu huvutwa kusema mnyoosha goti. Jina hilo limeundwa sawasawa na mchonga sanamu au mfua chuma, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Msikilizaji atamfikiri mtu, pengine mkandaji wa viungo, naye atalipatanisha na ngeli ya watu: mnyoosha goti amekuja, wanyoosha goti wamekuja. Msuli haji. Kiswahili kina mlango mwingine kwa vitu vitendavyo kazi, nao ni ki-: kifungua kinywa, kifyonza vumbi. Kinyoosha goti kitafuata mlango huo, na wapana wake watatu wataingia nao bila kusukumwa: kipana cha upande wa nje, kipana cha upande wa ndani, kipana cha mfupani. Rectus femoris, ambayo ndiyo pekee katika hizo nne inayovuka viungo viwili, ikinyoosha goti na kukunja nyonga pia kama mpiga mpira anapopeleka teke, itakuwa kirefu cha nyonga na goti. Atakayelikuta neno kirefu hapo atauliza kama msuli mshazari si mrefu zaidi. Ni mrefu zaidi. Lakini huo si kinyoosha goti, bali hulikunja.